Kumngoja Katekista

Mwakitolyo,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo ya Mama mfikishie kabla hujaendelea, maana najua utaisoma barua hii peke yako kwanza ndipo umwite. Sisi hapa hatujambo. Neema amepona kikohozi na ameanza darasa la pili. Mgahawa wangu unakwenda. Mawe yakitoa dhahabu wachimbaji wanakula nyama, yasipotoa wanakula maharage, lakini wanakula.

Magoti yako je? Kaka Kizito alinipigia simu akaniambia ulianguka na baiskeli kwenye matope ukienda kuzika ng'ambo ya mto, ukainuka, ukaenda kuzika hivyo hivyo, suruali ina damu. Nikamuuliza kwa nini hakwenda mtu mwingine. Akasema, "Mwingine yupi? Si unamjua Baba."

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu ungenikatisha.

Nataka nikueleze habari za kigango chetu cha huku. Katekista mwenzako wa huku anaitwa Bonifasi, mtu wa Geita, aliwahi kuchimba mwenyewe kabla ya kupewa kazi hii. Ungempenda. Padre anatufikia mara moja kwa mwezi, siku nyingine zote ni yeye. Alikuwa anawaandaa wakatekumeni kwa ubatizo, anaongoza ibada, anazika, anatembelea wagonjwa, na anasuluhisha ugomvi wa maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo ya dhahabu huku. Ukipita kwake asubuhi unakuta watu wamekaa nje wakimsubiri, kila mmoja na shida yake, na ukirudi jioni bado wapo. Sisi tulikuwa tunamsifu. Tulisema tumepata katekista asiyechoka.

Mvua zilipoanza, ukuta wa duara moja ulimporomokea mchimbaji aitwaye Masanja, mteja wangu wa kila siku, mtu mwenye mke na watoto wadogo. Wenzake walimtoa upesi akiwa hai, mguu wa kulia umepondeka chini ya goti. Wakamleta kwenye mgahawa wangu kwa sababu pana kivuli. Kigango kilikuwa kimepatana na mwenye gari mmoja awe anabeba wagonjwa, lakini gari halikuwa linatoka mpaka Bonifasi aseme. Siku hiyo Bonifasi alikuwa mazishini, kijiji cha mbali kisicho na mtandao. Tukampigia, hapatikani. Dereva alikuwa amesimama pale pale, Baba, ufunguo mkononi, anasema hajui kama aende bila ruhusa. Mzee wa kanisa akasema tumsubiri katekista. Nami nikasubiri. Nilikuwa nampa Masanja maji kidogo kidogo na kumfukuzia nzi, wala haikunijia akilini kwamba ningeweza kusema wampakie twende.

Bonifasi alifika na pikipiki jua limeshashuka. Masanja alifikishwa hospitali mjini Shinyanga akiwa hai, lakini madaktari wakasema mguu umekaa muda mrefu mno bila damu. Wakaukata.

Kesho yake Bonifasi alikuja mgahawani akakaa. Nikamwekea chakula, hakukigusa. Akasema taratibu, "Mama Neema, mguu ule umekatwa kwa sababu watu walikuwa wananingoja mimi."

Nilitaka kumfariji, lakini alilosema lilikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata alitusimulia habari za Musa jangwani, akichanganya Kiswahili na Kisukuma ili tusiachwe hata mmoja. Mkwewe alikuja kumtembelea akamkuta amekaa peke yake akiamua mashauri, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi mpaka jioni. Habari hiyo ulinifundisha wewe, Baba, ila siku zote niliisikia kama habari ya Musa kuchoka. Bonifasi alitukumbusha kwamba yule mkwe aliona watachoka wote, Musa pamoja na watu wake. Waliosimama kwenye ile foleni nao walikuwa wanaumia. "Nilidhani nikibeba yote nawahurumia," akasema. "Kumbe nilikuwa nawasimamisha juani."

Halafu akaomba kila jumuiya itoe mtu wa kubeba sehemu ya kazi zake. Jumuiya zetu zilikuwa za kusali rozari na kuchangia ujenzi, basi. Yeye hakutaka kuchagua, alisema wakichaguliwa naye watakuwa watu wake badala ya kuwa watu wa kigango. Wawe wacha Mungu, akasema, tena wasiopokea rushwa. Hilo la rushwa alilirudia, na kwa jinsi mambo ya machimboni yalivyo, watu wakatazamana.

Kwa upande wa wagonjwa na ruhusa ya gari wakanichagua mimi. Mzee wa kanisa hakupenda. Alisema muuza chakula atakuwa jikoni siku ya ajali. Bonifasi akamjibu kwamba aliyeumia huletwa hapo hapo jikoni kwake. Kwa upande wa ugomvi wakamchagua Shija, mtu mpole anayesimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Shija alikosea mapema sana. Wachimbaji wawili waligombania zamu ya kusagiwa mawe, naye akampa haki yule aliyepiga kelele zaidi. Aliyeonewa akaenda moja kwa moja kwa Bonifasi. Nilikuwepo, nimepeleka uji. Nikamwona Bonifasi anafungua mdomo ili aamue, maana alijua haki iko wapi. Akaufunga. Kisha akamwambia, "Rudi kwa Shija. Mwambie asikilize tena, na awaite waliokuwepo."

Yule mtu aliondoka amenuna. Bonifasi akabaki anahangaika na kikombe cha uji mkononi, akaniambia ni heri kuchimba kaburi peke yake kuliko kunyamaza namna ile. Lakini jioni Shija aliwaita mashahidi, akageuza uamuzi wake mbele ya watu na kumwomba radhi aliyeonewa. Tangu siku hiyo watu wanamheshimu kuliko ambavyo wangemheshimu kama asingekosea, na kwa Bonifasi wanakwenda wenye mambo mazito tu.

Mwezi uliopita mama yake Bonifasi aliugua huko Geita, naye akaenda kumuuguza. Alikuwa hajawahi kutuacha hivyo. Siku moja mwanamke anayeosha mchanga wa dhahabu mwaloni, kwenye madimbwi ya kuoshea, akashikwa na uchungu kabla ya wakati, damu inamtoka. Mumewe akaja mbio akiuliza katekista yuko wapi.

"Hayupo," nikamwambia. "Nipo mimi. Mlete."

Nikamwita dereva, tukampakia, tukaondoka, wali wangu ukiungua jikoni. Tulifika mjini salama. Mtoto ni wa kiume, mdogo sana, lakini alilia kwa nguvu, na mama yake yu mzima. Nilipompigia Bonifasi kumwarifu, hakuniuliza nilifanyaje. Aliuliza mtoto amepewa jina gani.

Sasa nakuja kwako, Baba, na nasema kwa heshima yote, ila nasema. Kigango cha nyumbani umekijenga wewe. Lakini leo ukilala hospitali, nani ataongoza mazishi? Nani anajua ni wagonjwa gani wanaongoja kutembelewa? Kizito anasema hakuna. Nimesikia Mwalimu Sabina aliomba aongoze ibada Jumapili moja ukamwambia asubiri. Anasubiri nini? Ni wewe uliyetufundisha kwamba wale wazee sabini walipojaliwa roho, Musa hakuwaonea wivu, alitamani taifa zima lijaliwe. Na Yoshua aliwekewa mikono Musa akiwa bado hai, watu wote wakiona, ndiyo maana safari haikuishia njiani.

Sikuombi uache kazi ya Mungu. Bonifasi hakuacha. Sasa anapata nafasi ya kuwafundisha wakatekumeni kama inavyotakiwa, na amenenepa kidogo.

Mwambie Mama vitenge vyake nitakuja navyo mwenyewe. Nisalimie kaka Kizito na wifi yangu, na shangazi mkubwa, mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata. Mjomba akirudi kutoka malishoni mwambie Neema anauliza habari za yule ndama mwekundu. Mwalimu Sabina nisalimie pia, tena mbele ya watu.

Shule zikifungwa tutakuja. Jumapili ya kwanza nikifika nataka nikukute umekaa na Mama katikati ya waumini, Sabina amesimama mbele. Atakosea, Baba, nakwambia mapema. Ataanzisha wimbo juu mno na wote watageuka kukutazama. Wewe uimbe naye huko huko juu.

Mwanao akupendaye,
Leokadia, Mama Neema