Roboti za Kabatini

Jumanne

Nilijua tu! Tangu tuletewe zile roboti ndogo za magurudumu, ili wanafunzi wajifunze kwa mikono yao, mkuu wa shule amezifungia kabatini zikiwa bado kwenye nailoni zake. "Hawa watoto watazivunja, Mwalimu." Basi mimi nachora roboti ubaoni, naandika chini yake "inajiendesha yenyewe", wao wananakili.

Leo wageni wamekuja kutoka Sumbawanga mjini kuziona, zikatolewa. Mkuu akawasha moja. Kimya. Akawasha nyingine. Zingewakaje, na hazijawahi kuchajiwa?

Mtu mwingine angeona aibu. Yeye akaifunga uzi wa kushonea magunia ya mahindi, akamkabidhi Neema wa kidato cha pili. "Vuta taratibu." Roboti ikapita mbele ya wageni kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Uzi wanauona, na makofi wanapiga!

Walipoondoka, mkuu akazirudisha kabatini, anachekelea kwamba hazina hata mkwaruzo.

Neema akaniletea uzi. "Mwalimu, kwenye mtihani niandike roboti inajiendesha yenyewe, au niandike nilivyoona?"

Nikamwambia aandike ya ubaoni.