Ulanzi Chini ya Kitanda cha Ambilikile

Iringa, Jumatano

Dada yangu Tusajigwe,

Upo? Huku baridi imegandisha chai yangu kikombeni, haki ya Mungu. Lakini mimi nachemka kwa hasira!

Nimefika chuo cha ualimu saa nne asubuhi, nikamkuta mwanao Ambilikile amelewa chakari ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ukigemwa leo ni mtamu kama maji ya muwa, hata watoto hunywa. Wanachuo hawa huuficha chini ya kitanda siku tatu mpaka uwe mkali. Mkuu wa chuo anataka kumfukuza.

Mimi, niliyemkimbiza simba wa Idodi kwa mwavuli, nikagonga meza: "Nitajie aliyekufundisha pombe, nimvunje mbavu!"

Ambilikile akainua kichwa. "Ni wewe, mjomba. Kwenye harusi moja mwaka huu ulinipa kibuyu, ukasema, kunywa uwe mwanamume."

Dada, ngumi yangu ikageuka mikono ya kuomba! Nikamwomba mkuu ambakize, nikaapa kuacha pombe pamoja naye. Amempa nafasi mpaka mwisho wa muhula.

Mwombee mwanao, nami uniombee zaidi, maana yeye ana miezi michache ya kunywa, mimi nina miaka thelathini.

Kaka yako akupendaye,
Asegelile