Niliandika Kifo cha Babu Kwenye Daftari la Mtoto

Mpendwa Mama Kagendo,

Salaam aleikum. Naomba unijibu kabla ya Idi ya kuchinja, kwa sababu Idi ikipita hakutakuwa tena na haja ya kunijibu. Majina niliyoandika humu si yetu, lakini mambo yote ni yetu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, naishi Wabera hapa Isiolo kwa wakwe zangu, nilisoma mpaka darasa la saba nikaolewa, mume wangu Abdisalan anaendesha lori la Moyale na kwa mwezi analala nyumbani siku nne, tuna mtoto mmoja wa kike, Deqa, ana miaka saba. Deqa anasikia vizuri, hata mlango wa jirani ukifunguliwa anasikia, lakini haongei na mtu, ukimwita hakuangalii, atapanga vifuniko vya soda mstari mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri na ukisogeza kimoja tu atalia mpaka atapike. Zamani nikienda kuteka maji nilikuwa namfunga mguu na leso kwa kitanda, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa anatoka na kutembea moja kwa moja bila kugeuka, na siku moja aliokotwa mbali huko Kiwanjani, kwa uwanja wa ndege, ndege inataka kushuka.

Sasa mwaka jana kulikuwa na sindano ya surua na nilijua atang'ata watu, basi usiku wa kuamkia nikachukua pakiti ya unga nikachora nyuma yake mtoto, daktari na sindano, nikaandika: Kesho nitaenda dispensari. Daktari atashika mkono wangu. Itauma kidogo. Nitahesabu mpaka tano. Halafu tutarudi nyumbani. Nikamsomea mara sita. Mama Kagendo, alienda akakaa kwa benchi, akatoa mkono mwenyewe, mimi ndiye nililia.

Tangu hapo nikanunua daftari, nikahamishia ile ya sindano, na nimemwandikia hadithi kumi na saba, ya kusukwa nywele, ya foleni ya mahindi ya njano ya msaada kwa chifu, ya sauti kubwa ya msikiti kwamba ni mtu anaita watu waswali, nitaziba masikio, itaisha. Zote ameshika kwa kichwa. Na hayo maneno ya daftari ndiyo maneno pekee anasema, tena tukiwa wawili tu ndani ya nyumba, hata baba yake hajawahi kumsikia vizuri.

Baba mkwe wangu, mzee Jama, aliyekuwa askari zamani, ni mgonjwa wa tumbo tangu mfungo uishe, hospitali walisema tumrudishe nyumbani na sisi tulielewa. Deqa kila asubuhi anaenda kukaa chini ya kiti chake, anaegemeza mgongo kwa miguu yake, hawaongei, ndio urafiki wao. Nikafikiria siku hiyo ikifika huyu mtoto atafanya nini, maana jirani yetu alipokufa Deqa alicheka na kuruka mbele ya waliofiwa mpaka wanawake wakanitukana. Nikakaa nikaandika hadithi ya kumi na nane. Niliandika vile ninaandikanga zingine zote, wazi, na jina.

Wiki jana baada ya swala ya alasiri wageni walikuja kumuona mzee, kulikuwa na Hashi wa duka na bibi yake, na wazee wengine wawili, mama mkwe wangu Isnino anamimina chai. Deqa akaingia. Akasimama kando ya kitanda, na kwa sauti ambayo hakuna mtu mle ndani alikuwa ameisikia, akasema: "Babu Jama atakufa. Hataamka. Wanaume watamwosha. Watamvalisha nguo nyeupe. Watambeba. Watu watalia. Mimi sitapiga kelele. Kiti cha babu kitakuwa wazi. Mimi sitamtafuta."

Hashi ndiye alisema kwanza, "Astaghfirullah. Si huyu ni bubu?"

Bibi yake akasema, "Bubu hasemi. Huyo anayesema si yeye."

Mama mkwe akaweka birika chini, akaniangalia mimi. "Luul. Nani amemfundisha mtoto haya maneno?"

Na mimi, Mama Kagendo, nikasema, "Sijui, mama. Labda ametunga mwenyewe."

Mzee akainua mkono akasema, "Mleteni karibu," lakini tayari walikuwa wamemtoa nje kwa kumvuta.

Sasa mtaa wote unasema Deqa ana jini linaloona vifo. Watoto wanaitwa ndani akipita. Mama mkwe amepata habari za mtu mmoja huko nje ya mji ambaye anatoa majini kwa moshi wa pilipili na fimbo, siku tatu, na mama haruhusiwi kuingia, na Abdisalan ametuma neno na dereva mwenzake kwamba akija Idi watampeleka. Mama mkwe hajui kusoma, Abdisalan anajua. Daftari nimelificha ndani ya debe la unga. Deqa analitafuta chini ya godoro kila saa, anang'ata mkono wake mpaka umefanya alama, na hatoki nje tena.

Nikisema ni mimi niliandika, watasema namwombea mzee kifo, nitarudishwa kwa baba yangu bila mtoto. Nikinyamaza, watampeleka. Nilikuwa nafikiria nichome daftari, halafu nikae nione kama watasahau. Nisaidie, sina mwingine wa kumwambia.

Mama Deqa, Wabera

MAMA KAGENDO ANAJIBU

Mama Deqa,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje, nikarudi kuisoma tena. Miaka tisa najibu barua hapa na nilidhani hakuna kitakachonishtua. Nimeiruka foleni ya barua kumi na moja ili hii yako itoke kabla ya Idi.

Hadithi yako haikunishtua. Kilichonishtua ni mama mwenye akili ya kumfundisha mtoto kusema, na siku mtoto anaposema mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani, mama huyo huyo anamkana. Uliogopa, ndiyo. Umechoka, uko peke yako kwa wakwe siku ishirini na sita kwa mwezi, nakuonea huruma kweli. Lakini ulichukua mzigo wako ukautwika mtoto wa miaka saba asiyeweza hata kusema "si mimi". Fimbo zinazoandaliwa huko ni zako, Mama Deqa, na unajua.

Kwa hiyo daftari halichomwi. Hilo ndilo shahidi pekee wa mtoto wako, lina mwandiko wako. Litoe kwenye unga leo, ulifute, umpe mwenyewe kwanza, dakika kumi, atulie. Halafu usianze na mama mkwe. Nenda kwa mzee. Umeniandikia mwenyewe na hukuona ulichoandika: chumba kizima kiliogopa, mtu aliyetajiwa kifo akasema mleteni karibu. Mtu aliyekuwa askari amewaona wenzake wakifa mbele yake, hatavunjwa na daftari. Keti chini, mwambie, "Baba, maneno yale niliyaandika mimi, na hii ndiyo sababu." Msomee ya sindano, msomee ya foleni, kisha msomee yake. Mwombe msamaha, kwa sababu kosa lipo. Yeye ndiye aite mke wake na Hashi na huyo bibi wa Hashi mwenye kujua anayesema ni nani. Neno la mzee mgonjwa litapita pale ambapo lako haliwezi.

Watakutukana. Wakutukane wewe, wewe una mgongo mpana. Na kama baada ya hayo yote bado mtu atasema mtoto apelekwe kwenye pilipili, hapo sikupi ushauri wa upole: haendi. Mchukue, nenda kwa baba yako pamoja naye, au kwa chifu, mchana, watu wakiona. Abdisalan anajua kusoma. Mpelekee barua kwa dereva yule yule aliyeleta neno lake, asifike Idi akiwa na habari ya upande mmoja.

Sasa hadithi yenyewe. Mimi si Mwislamu na sitakufundisha dini yako, ila unajua kuliko mimi kwamba siku ya mtu haiandikwi na binadamu kwa penseli. Mtoto wa namna hii hushika maneno yako neno kwa neno. Ukimwandikia kitu kitatokea, kwake kimeshatokea. Andika upya. Sema watu wakizeeka sana au wakiugua sana, kuna siku hufa, na siku hiyo anaijua Mungu. Toa jina la mzee. Mwandikie pia kwamba maneno haya tunayasema mimi na mama, ndani ya nyumba, na nikitaka kuuliza nitamshika mama mkono. Na ule mstari wako wa mwisho, kwamba hatamtafuta, ufute kabisa. Huwezi kumwamuru mtoto asimtafute mtu anayempenda. Mwandikie: nikimtafuta, mama atanikalisha karibu naye, tutalia au tutanyamaza.

Madaktari wa Nairobi wana jina la watoto kama Deqa, lakini jina halimchotei mtu maji. Wewe umepata njia bila kuonyeshwa na mtu yeyote, endelea nayo, na mama wengine wanaosoma hapa wenye mtoto kama huyo wachukue pakiti ya unga waanze.

Lakini kwanza hilo la leo. Katika boma lenu ni mtu mmoja tu anayejua kwamba Deqa hana jini, na mtu huyo amenyamaza wiki nzima. Weka gazeti chini, uende ukaseme.

Mama Kagendo