Nani Aonje Kwanza

Toyama, Japani
22 Januari 2023

Kaka Mutalemwa,

Shikamoo kaka. Kabla ya yote nauliza magoti ya Mama, halafu shemeji na watoto, halafu migomba. Mimi ni mzima, ila theluji imefika kiunoni na tunafukua magari kwenye yadi ya kazini kabla ya kuyaosha.

Anayekuletea barua hii ni Gosbert wa Bukoba, yule anayekuja huku kununua magari yaliyotumika. Nimempa na chupa moja. Usishtuke. Ni pombe ya hapa, inaitwa sake, inatengenezwa kwa mchele. Sijawa mlevi. Nikitoka kazini napitia duka la jirani, nanunua kikopo kimoja cha kioo, cha bei ya mtu wa kawaida, nakunywa nikila samaki. Leo hiki, kesho kile. Wenyeji wana majina mengi na maelezo marefu. Mimi naonja kama tulivyokuwa tunaonja rubisi yetu ya ndizi mji kwa mji tukitoka kanisani: hii imekolea mtama, hii imeharakishwa, hii mwenyewe ameongeza maji wageni walipozidi.

Niliyotuma ndiyo ninayokunywa siku nyingi. Inaonekana kama maji. Ikiwa baridi inauma pembeni mwa ulimi. Lakini wakati huu wa baridi wanaipasha moto, nami nilicheka sana mara ya kwanza, pombe kupashwa kama uji! Ikipata moto inalainika, na utamu unatoka polepole kama wali uliotafunwa sana.

Kaka, kwetu neno zito haliendi mikono mitupu. Neno langu ni hili: nataka kuja nyumbani Desemba, nimwone Mama, na nisimame kwenye kaburi la Tata, baba yetu. Wewe ndiye mrithi wa kibanja, nyumba na migomba yake, na mlango ni wako. Tangu kikao cha ukoo kiliponiambia nisikanyage hapo, sijakanyaga. Naomba uniruhusu.

Mdogo wako,
Aristides


Nyakatuntu, Kyerwa
3 Aprili 2023

Aristides,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mama ni mzima, na magoti yake ni ya uzee, usiyafanye habari.

Barua nimeipata na chupa nimeipata. Nimeitazama kwa nje siku kadhaa. Nilikaa baraza la kata miaka mingi, na najua kuwa kitu kinachokuja bila kuitwa kina jambo lake.

Nina maswali. Kati ya vitu vyote vya Japani, kwa nini pombe? Mwenzako angetuma tochi. Wewe, ambaye jina lako likitajwa pamoja na pombe hapa Nyakatuntu watu wanainamisha macho, unatuma pombe! Uliingia kwa marehemu Tata Rwegoshora na kibuyu cha rubisi siku ya Jumapili, ukampa, hukuonja. Kila mtoto wa huku anajua: aliyeleta ndiye anayeonja kwanza, watu wakimwona, ndipo mwenye nyumba anapopokea. Hukuonja. Jumatano tulikuwa tunamzika. Daktari alisema ni presha. Daktari hakuwepo kibuyu kilipoingia.

Sasa hii chupa yako imefungwa tangu kiwandani. Maana yake hukuonja. Hiyo ni mara ya pili.

Elipidius jirani alijitolea. Alisema yeye hana mke wala ng'ombe, akifa hasara ni ndogo. Nilimpa kikombe, nikakaa naye hadi jua linazama nikimtazama macho. Anasema ni kama maji yaliyooshewa mchele, halafu yakapitishwa karibu na gongo. Akaomba kikombe cha pili ili apate uhakika. Nilimkatalia. Hakufa. Lakini Tata naye hakufa siku ileile.

Kuhusu Desemba sijajibu.

Kaka yako,
Mutalemwa


Toyama
11 Juni 2023

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru kwa jibu, hata kama lilikuja na mwiba. Mwambie Elipidius pole na hongera. Theluji imeisha, sasa ni mvua tu. Mama anapata maziwa? Usimwache abebe maji.

Nimetuma chupa mbili. Ya kwanza wanaiita nigori. Ni nyeupe kama maziwa kwa sababu mashapo hayakuchujwa yote. Itikiseni kidogo. Ni tamu, na unaisikia ikikwaruza ulimi. Mama ataipenda.

Ya pili, kaka, ilinifanya nisimame katikati ya chumba. Wanaiita ginjo. Mchele wake wanausugua sana mpaka ubaki kiini. Nilipofungua kifuniko ilinukia ndizi mbivu. Embiire ile ya kutengenezea rubisi, siku tunapofukua shimo na kuondoa majani, kabla hatujaanza kuzikanyaga mtumbwini. Hakuna ndizi hata moja ndani yake. Niliinusa mpaka nikasahau kunywa, nikalia kidogo. Basi nikanunua nyingine kama hiyo, ndiyo unayo.

Niliuliza utamu unatoka wapi ikiwa hawakanyagi wala hawana mtumbwi wa pombe. Wanapanda ukungu maalumu juu ya mchele uliopikwa, ndio unaoleta utamu.

Kuhusu Tata. Nilitaka kuonja. Kibuyu kilikuwa kimefika mdomoni. Tata akakinyakua, akapangusa shingo yake kwa upindo wa kanzu, akasema: "Mimi sionjewi pombe ya mwanangu." Akanywa. Kikaoni nilipofika "Tata akakinyakua" mlinizomea, sikumaliza. Maneno hayo sijamwambia mtu yeyote hadi leo, maana kila nikiyakumbuka napata uchungu. Aliniamini, na kuniamini kwake ndiko kulikonifukuzisha.

Mdogo wako,
Aristides


Nyakatuntu
20 Agosti 2023

Aristides,

Hatujambo, na maziwa Mama anapata. Shemeji yako anakusalimu. Mimi bado sijafika huko.

Ukungu? Juzi tu bwana shamba alitukusanya shuleni kutueleza habari za sumukuvu, kwamba mahindi yaliyoota ukungu yanaua ini, tuyatupe, hata kuku wasipewe. Narudi nyumbani nafungua barua yako, umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba pombe uliyotutumia imepandwa ukungu. Imepandwa! Ungekuwa mbele ya baraza ningesema mshtakiwa amerahisisha kazi.

Nilimsomea Elipidius sehemu hiyo tu. Alifikiri kidogo, akasema kwa mke wa kaka yake amekwisha kula mabaya zaidi. Alikunywa ile nyeupe. Anasema ni togwa iliyosoma seminari. Iliyobaki nilimpa aende nayo, Mama sikumwonyesha. Ile unayosema inanukia ndizi sijaifungua, nimeifungia sandukuni. Mwenye kutaka kuingia mlangoni hujipaka harufu ya nyumba.

Maneno ya Tata ni mazuri, mazuri mno. Marehemu hawezi kuyakanusha. Mlikuwa wawili, mmoja yuko kaburini, na aliyebaki anajitetea. Shahidi wako yuko wapi?

Anayetaka aaminiwe huonja.

Kaka yako,
Mutalemwa


Toyama
2 Oktoba 2023

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninyi nawaombea hivyo. Ukungu huo ni wa aina nyingine kabisa, wameutumia tangu enzi za mababu zao na wazee wa hapa wanatembea na mikongojo mpaka wanachoka kuishi. Lakini sibishani tena.

Nimeonja. Nimenunua chupa iliyokaa miaka mingi ghalani, rangi yake ni asali. Si ya mtu wa kila siku kama mimi, na peke yangu nisingeinunua. Ina ladha ya uyoga mkavu na sukari guru, inakaa mdomoni hata baada ya kumeza. Niliifungua mbele ya Gosbert, nikamimina kikombe, nikakinywa chote akinitazama. Yeye ni Mlutheri asiyekunywa, kwa hiyo hakuna aliyegusa zaidi yangu. Tukaifunga kwa utepe na akatia sahihi juu ya utepe. Utaona imepungua shingoni. Pengo hilo ni langu, kaka. Ndilo nililodaiwa siku zote.

Desemba imekaribia. Nijibu.

Mdogo wako,
Aristides


Nyakatuntu
15 Novemba 2023

Aristides,

Hatujambo.

Chupa imefika ikiwa imefunguliwa. Zile zilizofungwa nilijua angalau kilichomo ni cha kiwandani. Hii nani ajue kilichoingia baada ya wewe kunywa? Gosbert nimemhoji mbele ya Elipidius, nikamtaka aandike sahihi yake mara tatu nilinganishe na ya kwenye utepe. Amekasirika, amesema hatatubebea tena hata sindano. Asiye na cha kuficha anakasirikia nini?

Nimeiweka sandukuni pamoja na ile ya ndizi. Ufunguo uko shingoni kwangu. Elipidius amenuna.

Desemba usije.

Mutalemwa


Toyama
1 Desemba 2023

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako imefika kwa posta. Iliyofungwa ni kosa, iliyofunguliwa ni kosa. Sijui chupa ya tatu inafananaje, kwa hiyo sitatuma tena. Nimeumia, na sitaki kukuficha. Mwambie Mama namsalimu sana. Senene wakianza kuruka mtafutieni wengi, anapenda waliokaangwa mpaka wakauke.

Mdogo wako, hata usipotaka,
Aristides


Toyama
10 Machi 2024

Kaka Mutalemwa,

Shikamoo. Krismasi imepita kimya. Simu yako inaita haipokelewi, na Gosbert hapiti tena kwenu. Silali vizuri. Sikuulizi habari ya kuja. Nauliza jambo moja: Mama yupo?

Aristides


Nyakatuntu, Kyerwa
7 Aprili 2024

Mdogo wangu Aristides,

Mama yupo. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri. Magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anatembea mpaka kwenye kahawa. Nawe unaendeleaje na baridi ya huko? Hilo sijawahi kukuuliza, nisamehe.

Kabla ya Krismasi nilikwenda kuoga, nikaacha ufunguo kwenye msumari. Kutoka, namkuta Mama ameketi mlangoni juani, ile chupa ya rangi ya asali iko miguuni, kikombe mkononi, anakunywa. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba. "Mama! Hiyo haijaonjwa mbele yetu!" Hata kunigeukia hakunigeukia. Akasema, "Baba yako alisema yeye haonjewi pombe ya mwanawe. Mimi nionjewe kwa nini?"

Waitu! Nilikaa chini pale pale na taulo langu.

Unanijua. Nilianza kumhoji kama tuko barazani. Ulikuwa wapi? "Nyuma ya ukuta, namenya ndizi za mchana." Uliona au ulisikia? "Nilisikia, nikachungulia." Alifanya nini? "Alipangusa shingo ya kibuyu kwa kanzu. Kanzu nyeupe, nimeifua Jumamosi kwa mikono yangu! Nilimkasirikia, na hasira hiyo sikuwahi kumwambia, akafa." Hapo ndipo alipolia.

Nilitafuta mwanya, sikufichi. Nilisema labda mmeelewana. Lakini barua zako sikumsomea hata moja, na simu ya nyumba hii ninaishika mimi. Mashahidi wawili ambao hawakukutana wametaja kanzu moja. Mbele yangu ingekuwa kesi ya mtu mwingine, ningeifunga asubuhi hiyohiyo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akanijibu, "Kikao kilikuwa cha wanaume. Na wewe uliuliza nani alileta pombe. Hukuuliza nani aliipokea." Nimeanza barua hii mara nyingi tangu siku hiyo, nikawa naichana. Simu yako nilikuwa naiona ikiita, nikaigeuza uso chini. Ni aibu, Aristides. Presha ilimuua Tata, nami nikakuzika wewe juu yake.

Jumapili ya Pasaka tulipotoka misa niliifungua ile yako inayonukia ndizi. Elipidius alikwisha fika na kikombe chake, ameketi tayari kwa kazi. Nikamwambia leo hakuna kazi, apumzike, atapewa baada ya wenye nyumba. Alishangaa akadhani amefukuzwa.

Nilimimina mwenyewe. Ulisema kweli. Ni embiire, siku ya kufukua shimo. Nilimwona Tata amekunja kanzu, anatuhimiza tukanyage bila kuteleza. Halafu ndizi inaondoka na mchele unabaki, ubaridi fulani hivi, na mtu anatamani kikombe kingine ili ndizi irudi. Kwa maoni yangu ni nyepesi, ingepata mtama uliokaangwa ingesimama. Mama anaona ile yake ya asali ni bora. Mimi siwezi kulinganisha, aliimaliza. Elipidius amekunywa zote isipokuwa hiyo, na bado anaitaka ile ya kwanza ya bei ya kawaida, anasema ndiyo isiyojidai.

Gosbert nimemwendea Bukoba kumwomba radhi. Bado ana kinyongo, ila amekubali kubeba barua hii.

Njoo. Usingoje Desemba kama tiketi itapatikana mapema. Kaburi la Tata nimelipalilia, na chumba chako shemeji yako amekipiga deki. Najua wewe ni mtu wa desturi, utafika na chupa mkononi, utasimama mlangoni na kutaka kuinywa kwanza ili wote tukuone. Usifanye hivyo. Nipe ikiwa imefungwa, niifungue mwenyewe.

Mimi sionjewi pombe ya mdogo wangu.

Kaka yako,
Mutalemwa