Magodoro ya Bibi Harusi

Jumamosi

Maswa nzima hakuna mwanaume mwenye akili kunizidi, na anayebisha aje.

Redioni wanasema soko huria, lakini mtendaji wetu wa kijiji ameweka kizuizi njiani ili pamba yote aichukue tajiri rafiki yake kwa bei ya kutupa. Basi nikashonea yetu ndani ya magodoro, nikapakia mkokoteni, dada Kabula akakaa juu kajitanda kanga kama bibi harusi.

"Magodoro yote haya ya nini, we Masanja?" mgambo akauliza.

"Bwana harusi mnene, baba."

Akacheka, akafungua! Sokoni Nyalikungu tukauza vizuri mpaka Kabula akacheza.

Ila kwa furaha nilishusha na kuuza yote, hata godoro la mama la kulalia nililoweka juu kuwazuga mgambo. Sasa mama amelala kwenye ngozi ya ng'ombe.