Yangeyange Kwenye Bwawa la Kaka

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku sote hatujambo, isipokuwa samaki. Nilipokwenda mjini kufuata chakula chao nilikuachia bwawa asubuhi moja. Asubuhi moja tu! Nimerudi, wewe umeshaondoka na kamera yako, wavu wa kufunikia bwawa umelala chini kama shuka, na ndege yangeyange wamejaa majini, weupe watupu. Vifaranga vyote vya samaki vimeliwa. Unajua niliacha kazi kwa ajili ya bwawa hili. Nani aliufungua wavu?

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini shemeji na watoto wazima. Pole sana, lakini usinitafutie ubaya. Nilipiga picha zangu nikiwa nje ya wavu nikaondoka mapema. Upepo wa siku ile hukuuona? Kila kitu kikiharibika huko ni mimi, tangu utotoni. Nimechoka.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Upepo gani unafungua mafundo manne, halafu unakunja kamba na kuziweka pembeni? Upepo wenye adabu huo! Shemeji yako amerudi kushona nguo za watu, mimi nashinda nakodolea macho maji matupu. Sitaki ulipe chochote. Sema ukweli, basi.

Kaka yako

9 Juni

Mdogo wangu,

Miezi miwili na nusu kimya. Hali yako siulizi, nimeshaiona: gazetini, ukurasa mzima, umeshika tuzo, meno yote nje. Muuza chakula cha samaki ameibandika dukani ile picha iliyoshinda. Yangeyange kainamisha shingo, kifaranga kimepinda mdomoni, matone unaweza kuyahesabu. Nzuri, sikatai. Ila nimetafuta uzi hata mmoja wa wavu, sikuuona. Na ule ukingo niliujenga kwa mikono yangu, mawe yake nayajua moja moja. Utanifanya mjinga mpaka lini?

Kaka yako

28 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sina uso wa kuulizia watoto.

Ni mimi. Nyuzi za wavu zilikuwa zinatia mistari kwenye picha, nikafungua, nikasema dakika kumi tu. Akatua mmoja, wakatua watatu, kufumba na kufumbua wamepita arobaini. Kaka, sikusahau. Niliwaona wakila. Ningepiga makofi mara moja wangeruka wote. Lakini mwanga ulikuwa mzuri mno na kidole kilikuwa kwenye kitufe, nikaendelea karibu saa nzima. Halafu nikaona aibu kukusubiri.

Nitakuja Jumamosi ya tatu ya Julai. Nitachimba, nitabeba maji, unitukane utakavyo. Nakuomba unijibu.

Mdogo wako

6 Julai

Barua imefika.

Miezi yote hii nilikuwa namwambia shemeji yako, "Atakuwa alisahau tu kuurudisha wavu. Yule ni kichwa maji toka zamani, siku akikiri yatakwisha." Hata pale nilipokuwa nakufokea, moyoni nilishamsamehe huyo aliyesahau. Huyu aliyesimama akitazama simjui, na sijui naanzia wapi kumsamehe.

Usije Jumamosi.

Mwenye bwawa