Mpaka Mpya wa Kibanja cha Buganguzi

Mpendwa Ma Alistidia, mshauri wetu wa gazetini,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana ndiyo siku tuliyopanga kunywa rubisi ya makubaliano, na nikishakunywa pombe ile ya ndizi mbele ya mashahidi nitakuwa nimenunua, sina njia ya kurudi nyuma. Mimi ni karani wa ofisi hapa Bukoba, tunakaa Buhembe na mke wangu Felicitas na watoto wanne, sina shida kubwa duniani, namshukuru Mungu, isipokuwa hii moja: nina miaka arobaini na moja na sijawahi kukata mkungu wa ndizi nikasema huu ni wangu. Kibanja cha baba, shamba lake la migomba kule Rubya, alipewa kaka, ndiyo desturi, silalamiki, lakini nikienda huko napewa kiti kama mgeni na mkungu wa kuondoka nao, na siku nzima mikono inaniwasha kushika kisu cha kupogolea.

Basi mwezi wa sita nikapata habari za mzee mmoja wa Buganguzi, Ta Byarugaba, anayehamia kwa mwanawe Mwanza na anauza kibanja. Nilipokiona nilisahau hata kumaliza salamu. Udongo mweusi, umefunikwa nyasi kila mahali, unakanyaga kama godoro, migomba imenenepa, kahawa iko chini yake, na mulamula, ule mti wa kuwekea mipaka, uliopandwa upande wa bondeni ni mchanga, haujafika gotini, majani yanang'aa, nikajua huyu ni mtu anayetunza mali yake. Sitaki kibanja cha kunitajirisha, mshahara unatutosha. Nataka pa kwenda mwisho wa juma, nipogoe, nichome ndizi, nisali Misa ya huko, nirudi Jumapili jioni nimechoka vizuri. Kule bondeni kuna dada yake Ta Byarugaba, Ma Kokushubila, mama mzee aliyerudi kutoka kwa mume zamani, ana kibanda na maharage yake, tena aliniletea kahawa ya kutafuna, akanitazama tu, hakuuliza kitu. Ta Byarugaba anasema huyo ataondoka, nisijali.

Sasa shida yangu ni mke wangu. Sijamwambia. Nimekwenda Buganguzi mara tatu nikimdanganya kwamba kuna semina ya chama, naye ananifungia chakula cha njiani kwa moyo mweupe, na mimi nakila kwenye kibanja cha watu nikiona haya. Halafu mwenzangu ofisini, Datius, anasema karani mwenye kibanja siku hizi za Azimio ataitwa kabaila. Je, nimwambie Felicitas kabla ya rubisi, au baada, ikishanyweka?

Wako,
Ildefons, Buhembe
Agosti 1970

Ildefons mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikachukua kalamu. Unaniuliza habari za mke, na jambo lenyewe umelipita mbio kana kwamba halipo.

Hebu turudi mpakani. Wewe ni mtoto wa Rubya, umezaliwa kwenye migomba. Mulamula wa mpaka hupandwa na babu, mjukuu akaukuta umemzidi kimo. Huu haufiki goti. Kibanja cha zamani namna hiyo kimepata wapi mpaka wa mwaka jana? Kalamu imekuharibia macho. Mtu amesogeza mpaka, na kwa maelezo yako mwenyewe ameusogeza kwenye maharage ya Ma Kokushubila. Sijafika Buganguzi, huenda nakosea, na ningefurahi kukosea. Lakini kwetu binti aliyerudi nyumbani haishi pale kwa hisani ya kaka, ukoo ndio humpa mahali. Yule mama alikukaribisha kwa kahawa na hakuuliza kitu, kwa sababu alidhani mtu mzima ataona mwenyewe.

Sasa nisikilize. Jumamosi usinywe. Mwambie Ta Byarugaba kwa heshima kwamba unataka kwanza ukoo wake ukae, mkubwa wao awepo, na balozi wa nyumba kumi awepo, kisha mtembee mpaka wote kwa miguu, Ma Kokushubila akitangulia. Kibanja kikiuzwa kwa siri, ukoo huja kukikomboa hata kama umeshakilima miaka mitano, nawe utarudi Buhembe na kisu chako mkononi. Tazama makaburi yako wapi, na uliza nani atayapalilia. Uliza pia nyasi zinakatwa wapi na samadi ni ya ng'ombe wa nani, maana godoro lile halikujitandika lenyewe, na ukikaa misimu miwili bila kulitandika migomba itakonda ukiiangalia. Ardhi yenyewe ni ya taifa. Unachonunua ni migomba, kahawa na jasho la watu, basi ujue ni jasho la nani.

Datius mwambie apumzike. Nyarubanja, ule ukabaila wa mashamba, imefutwa, na sisi tuliofanyishwa kazi kwenye mashamba ya wakubwa tulishangilia. Karani anayepogoa kwa mikono yake mwenyewe si kabaila. Lakini karani anayemwondoa mama mzee kwenye maharage yake ili apate mahali pa kuchomea ndizi, huyo tumwite nani?

Na Felicitas. Unaona haya kula chakula chake, vizuri, haya hiyo ina kazi. Mwambie leo, kabla gazeti hili halijafika mikononi mwake, kwa sababu jina lake umeliandika mwenyewe na mimi sikulifuta, makusudi. Kisha nenda naye. Wewe umeona majani yanayong'aa. Yeye atauliza maji yako umbali gani, na atakuwa ameingia kwa Ma Kokushubila kabla wewe hujashusha mizigo.

Mulamula ukirudishwa mahali pake na ukoo ukikubali, nunua kilichobaki, hata kikiwa kidogo, nami nitafurahi pamoja nawe kwa moyo wote. Mama wa watu abaki jirani yako wa bondeni. Na siku ya kupanda mgomba wako wa kwanza, usichimbe chipukizi popote pale. Shuka bondeni ukamwombe yeye. Akikupa, ndipo umenunua. Akikutazama tu bila kuuliza kitu, kama siku ile, vaa kofia yako urudi Buhembe.